Wanatuita kwa Sauti Kubwa, Tukiitika Hawapo

Sisi ndio wale wanaoitwa "ndugu mteja". Tumo kwenye daladala za Gongo la Mboto, kwenye meza za mama lishe, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye ofisi za walimu na kwenye mabenchi ya benki. Kila mmoja ana lake, lakini tukikaa pamoja, mmoja akianza kusimulia mwingine anamalizia, maana yaliyompata huyu ndiyo yaliyompata yule. Mmoja mmoja tumeshalalamika na hatukusikika. Leo tunasema kwa pamoja.

Kero yetu ni moja ingawa ina matawi mengi: kampuni zinazotuhudumia zimekuwa hodari wa kutuita na nzito wa kutuitikia. Siku ya kuuza wana bango, redio, msanii, ujumbe wa simu, gari lenye spika na vijana wenye fulana wanaotufuata hadi sokoni. Siku ya kulalamika wana namba moja, na namba hiyo inapiga muziki.

Tuanze na simu, maana ndiko kelele zilikohamia. Zamani tangazo lilikaa ukutani au redioni, na aliyechoka alizima redio yake. Sasa limo mfukoni na linatetemesha paja. Mama lishe mmoja wa Buguruni anasema simu yake huita mikono ikiwa kwenye unga. Anafuta mikono haraka akidhani ni mwanawe wa bweni, au ofisi inaagiza chakula cha mchana, kumbe ni sauti iliyorekodiwa inamwalika kwenye bahati nasibu. Mwingine anaongeza salio asubuhi, jioni anakuta limepungua, akiuliza anaambiwa alijiunga na huduma ya wimbo wa mwito na anakatwa kila siku. Hakumbuki kujiunga. Pengine kidole kiligusa kitufe wakati ujumbe unajitokeza wenyewe juu ya kioo. Kujiunga ni mguso mmoja wa bahati mbaya. Kujitoa kunahitaji kutafuta namba ambayo haikutajwa kwenye tangazo lenyewe.

Tena lugha ya matangazo halali imekaribiana mno na lugha ya matapeli. Tapeli anaandika "umeshinda", kampuni inaandika "umechaguliwa". Tapeli anasema "tuma sasa", kampuni inasema "wahi kabla ya saa sita usiku". Tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole hadi siku ya mwisho, tarehe 20 Januari 2020, na tulifanya hivyo kwa moyo mmoja kwa sababu tuliambiwa wizi wa mitandaoni utapungua. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikatupa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa utapeli, na wengi wetu tunapeleka. Lakini mzee wa miaka sabini ambaye kila wiki anaambiwa na kampuni halali kwamba ana bahati, atajuaje kwamba ujumbe wa leo ni wa mwizi? Kampuni zimewazoesha wazazi wetu kuamini bahati inayoingia kwa simu, kisha wakiibiwa zinawaambia wawe makini.

Tuje kwenye vifurushi. Hapa tuseme haki: kanuni zipo. Aprili 2021 zilianza kutumika kanuni mpya, zikitaka mteja ajulishwe matumizi yanapofika asilimia 75 na tena yanapofika asilimia 100, na asiingizwe kwenye gharama za nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Siku zilipoanza, bei mpya zilitoka zikiwa juu, watu wakapiga kelele nchi nzima, Serikali ikaagiza zisitishwe. Tulijifunza siku ile kwamba kelele za pamoja zinasikika. Lakini tulichotaka kilikuwa zaidi ya bei. Tunataka tangazo linalosema kitu kinachopimika. Bango linaandika GB kwa herufi za ukubwa wa mlango, halafu sharti la kwamba nusu yake ni ya usiku wa manane linaandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Nani kati yetu anayefanya kazi mchana anaweza kuamka saa nane usiku kutumia alichokilipia?

Redioni ni hivyo hivyo. Mtangazaji anasoma ahadi kwa utulivu, kila neno linasikika, kisha "vigezo na masharti kuzingatiwa" inapita kwa kasi ambayo hata aliyeiandika asingeweza kuifuata. Vigezo hivyo ndiyo biashara yenyewe. Ndimo ilimo riba, ndimo ulimo muda wa ofa kwisha, ndimo ilimo sababu utakayopewa siku ukidai. Kama muda wa redio ni ghali, basi wapunguze sifa, wabakize masharti.

Kwenye mikopo jambo hili linaumiza kuliko kwingine. Tangazo la mkopo linatolewa kwa Kiswahili kitamu, kwa sauti ya mtu anayekujali, na mkataba unaletwa kwa Kiingereza cha kisheria. Afisa anaweka alama ya kalamu mahali pa kusaini na kukuambia, "Saini hapa, mama, na hapa." Riba inatajwa kwa asilimia ndogo ya kupendeza, bila kusema wazi kwamba ni ya kila mwezi. Mitaani mikopo ya namna hii tumeiita kausha damu, na jina hilo limetoka kwa walioipata. Ya kwenye simu ikaja na ukatili wake: unapakua programu, inaomba kusoma orodha ya majina yako yote, na siku ukichelewa kulipa, shemeji yako, mchungaji wako na bosi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Tunashukuru kwa orodha hiyo. Swali letu ni kwa waliopokea fedha za matangazo yao: mitandao ya kijamii iliyoyasambaza, na watu maarufu walioyasifu. Mtu akibandika tangazo la mkopeshaji, hana wajibu hata wa kuuliza kama huyo mkopeshaji ana leseni?

Hapo tunafika kwa watu maarufu. Msanii tunampenda, tumemlea kwa kununua tiketi na kucheza nyimbo zake kwenye harusi zetu. Anapoitwa balozi wa bidhaa hatuna kinyongo. Na ale jasho lake. Tunachodai ni kuambiwa. Leo anaposema krimu fulani imemng'arisha ngozi, au unga fulani umempunguza tumbo, au dawa fulani imerudisha heshima ya ndoa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba amelipwa. Wasichana wetu wanapaka, wanaungua, na balozi ameshahamia kwenye bidhaa nyingine. Watangazaji wa vipindi vya michezo nao wameingia humo humo. Wanachambua mechi kwa dakika kumi, wananogesha, na bila kubadilisha sauti wanakuambia timu ipi uiweke kwenye mkeka wa kubeti. Uchambuzi umeishia wapi na tangazo limeanzia wapi, msikilizaji hajui.

Kuhusu kubeti tusione aibu kusema. Ni halali kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, na anayetaka na abeti. Lakini matangazo yake yamezidi mipaka. Yapo kwenye jezi, kwenye kipindi cha asubuhi watoto wakivaa sare, kwenye ujumbe unaotumwa tarehe ya mishahara, na siku zote wanaoonekana ni walioshinda. Kijana aliyeweka kodi ya nyumba akapoteza hajawahi kupewa sekunde moja ya tangazo. Kenya waliona hatari hiyo, na Aprili 2025 bodi yao ya kusimamia kamari ikasitisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 ili yawekewe utaratibu. Nasi tunaomba angalau hili: saa za watoto ziachwe wazi.

Wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni, nanyi mtuvumilie, tumo pamoja lakini lazima tuwaambie. Picha ya gauni ni nzuri, maelezo yote yapo, rangi zimetajwa, mnaleta hadi mkoani. Mtu anauliza hadharani, "Dada, bei gani?" Jibu: "Njoo inboksi." Kwa nini? Bei ya nyanya inatajwa sokoni mbele ya watu wote. Bei ya inboksi inapangwa kwa kuangalia picha ya anayeuliza na anakoishi, na wawili wakilinganisha wanakuta wamelipishwa tofauti kwa gauni lile lile. Kisha mzigo unafika, kitambaa siyo kile, kipimo siyo kile, na ukirudi inboksi umeshazuiwa. Asiyezuiwa anajibiwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Sasa tuseme habari ya siku unapohitaji msaada. Unapiga namba ya huduma kwa wateja. Sauti inakukaribisha, inakuchagulisha lugha, halafu kabla ya kukuuliza una shida gani inakutangazia ofa mpya. Ndipo inaanza: bonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza tisa kusikiliza tena. Kuongea na binadamu kumefichwa mwisho kabisa. Muziki unaanza. Unaambiwa simu yako ni muhimu, wahudumu wote wanahudumia wengine, endelea kusubiri. Simu inakatika. Ukirudia unampata mtu mwingine, naye anataka uanze hadithi upya, kwa sababu uliyoyasema mara ya kwanza hayakuandikwa popote.

Mwenye muda mwingi anaweza kuvumilia. Lakini fikirieni mwalimu aliyekosea tarakimu moja akatuma ada ya mtoto kwa mtu asiyemjua. Fedha hizo zinaweza kuzuiwa na kurudishwa kama aliyepokea hajazitoa. Maana yake kila dakika ina thamani ya ada nzima. Anapiga simu, muziki unacheza, na huko mpokeaji anaelekea kwa wakala. Akipata mhudumu anaambiwa, "Samahani mteja wetu, salio la mpokeaji halitoshi kurudisha muamala." Kwake yeye kuchelewa kupokelewa kwa simu kumemgharimu muhula wa shule.

Wengine wanatuelekeza tuzungumze na roboti ya WhatsApp iliyopewa jina la msichana na picha ya kutabasamu. Ukiuliza salio inajibu vizuri. Ukiuliza kwa nini umekatwa mara mbili, inasema haijaelewa swali, chagua moja hadi tano. Hatupingi teknolojia, wengi wetu tunaishi kwa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Tunapinga roboti kuwekwa kama ukuta kati yetu na mtu anayeweza kuamua.

Ukiamua kwenda mwenyewe tawini, madirisha yapo sita na mawili ndiyo yana watu. Mengine manne yamebandikwa picha ya familia inayocheka na funguo za nyumba mpya. Ukifika dirishani unaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao kusumbua ni jambo la kawaida, tunaelewa. Lakini aliyetoka kijijini kwa nauli ya kwenda na kurudi anastahili kuambiwa mlangoni, asikae saa tatu kwenye benchi. Na kwa nini mtandao wa kukata makato hausumbui?

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba, inakuja Wiki ya Huduma kwa Wateja. Kuna maputo, keki, fulana zenye maandishi, na mameneja wanakaa dirishani kuhudumia, wakipigwa picha. Keki tunakula, na meneja tunamsalimu kwa heshima. Tungefurahi zaidi angerudi dirishani siku ya tarehe mosi mwezi wa tatu, foleni ikiwa imetoka nje ya mlango, akaona mwenyewe madirisha manne yaliyofungwa. Ofisi za umma nazo zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umewekwa kwenye fremu ukutani, unasema barua itajibiwa ndani ya siku kadhaa. Chini yake kuna sanduku la maoni lenye kufuli lililoshika kutu. Mkataba mzuri namna hiyo unastahili kutekelezwa.

Hasira yetu haiwahusu vijana wanaopokea simu. Ni watoto wetu. Wengi wameajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa zabuni, kwa mikataba ya muda mfupi, na wanahesabiwa dakika za kila simu. Akikusikiliza hadi mwisho, amechelewa lengo lake la siku. Hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi mia. Ana maneno ya kusoma kwenye kioo. Anatukanwa na wateja kwa kosa asilolifanya, na jioni analipwa kidogo kuliko gharama ya sekunde chache za tangazo la televisheni. Waliompa kiti na kumnyima uwezo ndio tunaozungumza nao.

Nasi tunaona kwa nini mambo yamefika hapa. Tangazo linaonekana: laini zimeuzwa ngapi, programu imepakuliwa mara ngapi, mtu wa masoko anapeleka takwimu kwa wakubwa na kupongezwa. Lalamiko lililotatuliwa halina sherehe. Kwenye vitabu vya kampuni kitengo cha kuuza kinahesabiwa kuwa kinaleta fedha, na cha kusikiliza kinahesabiwa kuwa kinakula fedha, kwa hiyo hela zikibana ndicho kinachopunguzwa. Ndiyo maana ofa nono ni za mteja mpya. Aliyekaa nao miaka kumi analipa bei kamili, na uaminifu wake unachukuliwa kuwa uzembe wa kuhama. Na sisi tumesaidia kuyazoesha haya kwa kusema "ndiyo Bongo hiyo" na kuondoka.

Tunaambiwa biashara ni matangazo. Sawa, lakini wazee walitangulia kutuambia kizuri chajiuza. Nendeni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Ukinunua nazi kwake, ukaivunja nyumbani ukaikuta imeoza, unamtuma mtoto na vipande vyake, anapewa nyingine bila fomu wala namba ya kumbukumbu. Mangi hana balozi. Ana kitabu cha madeni, anajua majina ya watoto, na duka lake limekaa miaka mingi kwa sababu analijibu kosa lake papo hapo. Wakala mwema wa fedha za simu ni hivyo hivyo: anakusomea jina la mpokeaji kwa sauti kabla hujathibitisha. Huduma hizo zinatolewa na watu wenye mtaji mdogo kabisa mjini. Hatuwezi kuamini kwamba zinawashinda wenye majengo marefu.

Madai yetu si mageni duniani. Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy aliliandikia Bunge la Marekani kwamba mtumiaji ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa duniani kama Siku ya Haki za Watumiaji. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inataka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayompa mtu haki ya kumtaka aliyeshika taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Tuna Tume ya Ushindani, tuna mabaraza ya watumiaji wa mawasiliano, nishati na maji. Kilichobaki ni kampuni kufanya, na wasimamizi kuhakikisha.

Basi tunadai haya. Ujumbe wa matangazo uje kwa aliyeuomba, na njia ya kujitoa iandikwe ndani ya ujumbe huo huo. Masharti yasomwe kwa kasi ile ile ya ahadi, na mkataba uandikwe kwa lugha iliyotumika kuuza. Aliyelipwa kusifu aseme amelipwa. Bei itajwe hadharani. Kuongea na binadamu kuwe chaguo la kwanza kwenye simu, siyo la mwisho, na anayepokea apewe uwezo wa kurekebisha kosa dogo hapo hapo. Simu za fedha zilizopotea ziwe na mlango wao wa haraka. Na kila kampuni itangaze, kwa ukubwa ule ule inaotangazia ofa, imepokea malalamiko mangapi mwaka huu na imeyamaliza mangapi.

Sisi pia tuna kazi. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao wa simu akabaki na namba yake ile ile. Tuutumie uhuru huo. Anayeuza kwa bei ya inboksi tumpite, twende kwa anayetaja. Na kila mwenye lalamiko adai namba ya kumbukumbu, aandike tarehe na jina la aliyempokea, na asipojibiwa alipeleke kwa msimamizi wa sekta hiyo kwa maandishi. Lalamiko la mdomo linaishia kijiweni. Lililoandikwa linahesabiwa, na wanaotuuzia wameonyesha wazi kwamba wanaheshimu kinachohesabiwa.